Kocha Aliyemfanya Mdogo Wangu Nguzo

Siku hizi timu yetu ya basketi ikipigwa, watu wa mtaa wetu wa Mangobo wanakuja kwenye meza yangu sokoni kuniuliza kulikoni. Wachezaji si wale wale wanne walionunuliwa na rais wa timu? Wale wanaoruka hadi mtu anasahau kwamba wana uzito? Mbona wanafungwa na timu ambazo zamani zilikuja hapa kuchukua kipigo na kurudi kwao? Mimi naendelea kukata makayabu, samaki wa chumvi ninaowauza miaka yote hii, na sina haraka ya kujibu. Wengi wao ndio waliokuwa wakimwita mdogo wangu nguzo ya umeme.

"Yaya," walinipigia kelele kutoka upande wa pili wa uwanja, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu, "mutoto wako iko poteau! Amesimama muzuri, lakini courant hakuna."

Uwanja mzima ulicheka. Katika mji ambao umeme unakatika mchana na usiku, mzaha huo ulimfurahisha kila mtu isipokuwa mimi. Sasa nawajibu hivi: umeme mnao, watu wanne wazima. Nguzo mlimcheka, akaondoka.

Msidhani basi kwamba nampenda kocha aliyemfanya nguzo. Nilimchukia siku ya kwanza, na nikimwona leo barabarani nitavuka upande wa pili.

Mama alitangulia, baba akamfuata tukiwa bado kwenye kilio cha mama. Nilikuwa darasa la pili la sekondari na nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu. Ndugu wa baba, tonton wetu wa Isangi, alipanda mtumbwi wa mashine akaja kwenye matanga. Alilia kuliko sisi sote, kisha akarudi na cherehani ya mama, baiskeli ya baba, na mabati ambayo baba alikuwa ameyaweka kwa ajili ya jiko. Alitaka pia kiti cha baba, kile kikubwa cha mbao nyekundu. Wenye mtumbwi walikataa. Walisema kiti hicho ni sawa na abiria wawili, na hakilipi. Kiti kikabaki, na mimi nikabaki nacho. Niliacha shule, nikaingia sokoni, na jambo lolote la nyumba yetu likihitaji kuamuliwa nilikaa kwenye kiti kile nikaliamua. Tonton hatukumwona tena.

Kitindamimba wetu alirefuka bila kusimama. Kila mwaka suruali zake zilimkimbia. Kwenye uwanja wa saruji wa parokia alikuwa akirusha mpira kutoka mahali ambapo wenzake hawakuthubutu hata kujaribu, na mpira ukaingia kama uliotumwa na mama yake. Nilipofunga meza mapema nilikwenda kumtazama. Ilikuwa starehe yangu pekee. Alipochukuliwa na timu kubwa ya mji, nilijiambia kwamba sasa yule niliyemlisha ataonekana.

Kocha alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye filimbi ambayo nadhani alilala nayo. Msimu mzima wa mvua hakumruhusu mdogo wangu kurusha mpira hata kidogo. Alimfundisha kusimama. Miguu wazi, mikono imekunjwa kifuani, anamziba adui njia ili mwenzake apite na mpira. Adui anamgonga, naye hasogei. Akisogea, anarudia. Akirusha mpira kikapuni, anarudishwa nyumbani. Alirudi kwangu na mbavu zilizovimba, nikamkanda kwa maji ya moto huku nikimtukana kocha.

Wakati huo ndipo rais wa timu, mfanyabiashara wa saruji na mabati aliyetoka Butembo, alipoleta wale wanne kutoka Kinshasa na Lubumbashi. Siwezi kusema uongo: walikuwa na kipaji. Lakini walipoanza kucheza pamoja, timu ikapigwa mfululizo. Kila mmoja aliyepata mpira aliona kikapu tu, na wengine watatu walisimama wakinyoosha mikono kama watu waliopitwa na pikipiki. Rais alipiga kelele kwamba atanunua wengine. Mimi nilisema mpeni mdogo wangu mpira. Kocha hakutusikiliza sote wawili. Aliyekuwa na sifa kubwa kuliko wote alimkalisha kwenye benchi hadi akajua adabu, na mahali pake akamweka nguzo wangu.

Nilimfuata kocha mazoezini, nimetoka sokoni moja kwa moja na harufu yangu. Nilimwambia mbele ya wachezaji kwamba anamharibu mtoto wa watu. Alikunja pua.

"Mama, kwako wewe ndiyo kocha. Hapa usituletee soko."

Nilimwambia kwamba makayabu hunuka lakini watu hula wakashiba, ilhali yeye tangu afike hajatupa hata ushindi wa kuonja. Wachezaji walicheka. Yeye hakucheka.

"Bon. Wewe unasonga fufu?" aliuliza. "Ukisonga peke yako, bila mtu wa kushika sufuria, inakuwa nini?"

Kila mtu anajua: sufuria inapinduka.

"Mimi nimeletewa wasongaji wanne. Wote wanataka mwiko. Mtu anayejua kushika sufuria, akiungua bila kuachia, niko naye mmoja tu. Na huyo hakujifunza kwangu. Alikuja nayo kutoka kwako."

Alidhani amenisifu. Niliondoka zangu. Mimi nilishika sufuria tangu siku ile ya matanga, nikaungua, ili yule mtoto ale. Sikuishika ili naye aje kuwa mshika sufuria wa watu wengine.

Timu ilianza kushinda. Hilo silikatai, nililiona kwa macho yangu. Siku ya fainali ya mkoa uwanja ulijaa hadi watu wakapanda ukutani. Mwisho wa mchezo tulikuwa nyuma kidogo. Mdogo wangu alisimama mahali pake, jitu la upande wa pili likaja mbio likamgonga na kiwiko mdomoni. Hakusogea. Mchezaji wa Kinshasa alipita nyuma ya mgongo wake kama anapita mlangoni, akafunga, filimbi ikalia. Watu walimbeba Mkinshasa mabegani. Mdogo wangu alikuwa akitafuta jino lake kwenye saruji. Nilimfuta damu kwa kikwembe nilichojifunga. Alikuwa anacheka, na hilo liliniudhi kuliko damu.

Baada ya ushindi ule, timu moja ya Lubumbashi inayolipa mishahara ya kweli ilimwita kocha. Akasema hatakwenda bila nguzo wake. Huku kwetu mtoto hatolewi nyumbani hivi hivi, hata akiwa na ndevu. Wanakuja, wanakaa, wanaomba kwa mkubwa wa familia. Kocha alijua hivyo. Akapanda mtumbwi hadi Isangi na mbuzi, akamwomba tonton.

Nililijua siku walipoingia wawili kwenye ua wangu. Tonton alikuwa amezeeka, kofia mpya kichwani. Aliniambia nilete maji, tena maji ya baridi. Alisema amekuja kumpa mtoto wa ndugu yake baraka ya safari, kwa kuwa baba hayupo na nyumba haina mwanaume. Kisha akaelekea kwenye kiti cha baba.

Mdogo wangu alikuwa ameegemea mlango. Sikumwona akitembea. Niliona tu kwamba yuko mbele ya kiti, miguu wazi, mikono imekunjwa kifuani. Tonton alimgonga, akarudi nyuma, akajaribu kupita kushoto. Hakuna njia. Kulia, hakuna njia.

"Mutoto, sogea," tonton alisema.

"Tonton, iko benchi pale."

Tonton alimtazama kocha, kocha akatazama chini, kwa sababu kazi ile aliijua kuliko mtu yeyote. Mimi nilipita nyuma ya mgongo wa mdogo wangu nikakaa kwenye kiti cha baba. Nilimwambia kocha kwamba mbuzi aliyempa tonton amempa tonton, na kwamba huko Isangi anaweza kupewa mtoto wowote wa tonton anayemtaka. Kwangu hajaleta neno. Akitaka kuomba, aje mahali ninapofanya kazi. Na maji sikuleta.

Usiku huo mdogo wangu hakunibembeleza. Aliniambia jambo moja tu.

"Yaya, nataka kwenda naye. Lakini ukikatalia, nabaki."

Najua angebaki. Hilo ndilo lililonifanya nikose usingizi.

Kocha alikuja sokoni asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuchoma. Nilimwacha asimame. Wateja walikuja, nikawakatia, nikawafungia, nikawauliza habari za watoto wao mmoja mmoja. Inzi walimtembelea usoni. Mama wa meza ya jirani aliniuliza kwa sauti kama yule papa, huyo baba aliyesimama, ananunua au anakaushwa. Kocha alipopata nafasi aliomba, mbele ya watu wote, na aliomba vizuri, neno kwa neno kama inavyotakiwa. Alisema pia kwamba alikosea kwenda Isangi.

Nilimwambia amchukue. Nilimwambia mbavu zake huvimba upande wa kushoto zaidi, na zinahitaji maji ya moto, wala si zile dawa zao za kupuliza. Nilimwambia siku moja, hata katika mchezo usio na maana, ampe mpira aurushe.

"Nitaangalia," alisema.

Hata hapo hakuweza kusema ndiyo. Akaninyooshea mkono. Wangu niliuacha palepale ulipokuwa, ndani ya samaki, hadi akachoka akaurudisha wake mfukoni.