Msusi wa Mwiki na Glavu Zake

WUEEH, msusi wetu wa hapa Mwiki hatimaye ameenda kliniki! Hiyo ndiyo habari tamu ya wiki, juu alikuwa ametuchosha. Ni yule wa kusuka akiongea bila kupumua, na mtoto wa kastoma akiingia lazima ambebe na ambusu shavu. Sasa akashikwa na homa, shingo ikafura tezi, halafu vipele vya usaha vikamtoka vidoleni. “Auntie, si hiyo inakaa mpox, ile homa ya nyani?” nikamuuliza. “Wee kasichana, hii ni joto tu!” Akavaa glavu, lakini akakata ncha za vidole ati nywele zinateleza. Na vipele viko hapo hapo! Nikamwambia nimesoma kwa simu ati mtu akivigusa anaambukizwa, hata taulo mkishare. “Hiyo simu itakupoteza,” akacheka, akaendelea kusuka. Ngai, nilichoka.

Jana Mama Ciku akaja na katoto kake. Ciku akamnyooshea mikono kama kawaida. Msusi akanyoosha yake, akaona vile usaha umelowesha glavu, akanyamaza. Huyo, kunyamaza! “Mama Ciku, usinipatie mtoto,” akasema polepole, mikono ikienda nyuma ya mgongo. Akafunga saluni. Kliniki wamechukua sampuli, wakampa dawa ya homa na maumivu, wakamwambia akae peke yake hadi magamba yaanguke na ngozi mpya itoke. Tafadhali tumieni hii meseji kila mtu mnajua amesukwa na yeye. Ukiona homa ama kipele, enda upimwe.