Sokwe mzee wa zoo alivyonipatia karatasi za nyumba yangu

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Naandika nikiwa barazani, mbabula, yaani jiko la makaa, iko miguuni, maana mwezi huu wa saba baridi yetu inaingia mpaka kwenye mifupa. Mnivumilie Kiswahili changu cha huku, ambako "ndiyo" tunaiita "njo".

Hii siitungi. Ningekuwa natunga, nisingemweka sokwe.

Mume wangu alikuwa fundi wa reli. Alifariki mwaka jana, ghafla, kikombe cha chai kikiwa mkononi. Hakupata hata dakika moja ya kuniambia hiki kiko hapa, kile kiko pale. Na alikuwa msiri, Mungu amrehemu.

Baada ya matanga, mdogo wake akaja kutoka Mitwaba. Si mtu mbaya, nasema mapema ili msimtukane kwenye comments.

Akaniambia: "Shemeji, mi najua hii parcelle iko ya famille. Kama iko ya kwako, onyesha karatasi."

Sikuwa nazo. Nilijua kiwanja na nyumba yake tulinunua wawili, lakini kujua si ushahidi. Tukapatana: mwisho wa mwezi wa saba mwaka huu tutaenda pamoja commune, ofisi ya serikali ya mtaa. Nikikosa karatasi, nahama.

Basi nikaanza kupanga nyumba.

Nilitoa kila kitu. Chini ya kitanda, kwenye masanduku, ndani ya makopo ya biskuti. Nikapata redio tatu zilizokufa, vijiko nilivyodhani jirani aliviiba (nimeshamwomba msamaha moyoni), na picha ya ndoa yetu. Karatasi hakuna.

Kabati lake nililiacha mwisho. Nilipolifungua, harufu yake bado ilikuwemo. Nikakaa chini, nikalia. Kisha nikainuka, nikakunja mashati moja moja.

Mle ndani kulikuwa na koti lake zito la kazi, limetoboka viwiko. Nikapapasa mifuko. Tupu.

Jumapili ile, padri akatangaza kwamba zoo ya mjini inaomba watu wa kujitolea, na mablanketi ya zamani, kwa sababu wanyama wanateseka na baridi. Kikundi chetu cha mama wa parokia kikajiandikisha. Nami nikasema niende, angalau nitoke kwenye nyumba ninayoipoteza.

Nikabeba mablanketi mawili na lile koti.

Kazi ilikuwa ya kawaida tu. Tulifagia majani makavu, tukaziba nyufa kwa magunia, tukachemsha kandolo, yaani viazi vitamu, ili wanyama wavile vikiwa moto. Aliyetuongoza ni mlinzi mmoja mwenye mvi, Papa Ilunga. Anaongea na wanyama kama majirani zake.

Kulikuwa na sokwe jike mzee, wanamwita Madame. Alikuwa amejikunja pembeni, anatetemeka. Papa Ilunga akampa koti la mume wangu. Madame akalinusa, kisha akajifunika kichwani kama mama aliyekutwa na mvua sokoni.

Nikacheka. Wakuu, nilikuwa sijacheka tangu msiba.

Jumamosi iliyofuata nikarudi. Nikamkuta Madame ameketi karibu na vyuma, anafumua bitana ya koti kwa vidole, uzi kwa uzi, kama anatafuta chawa. Mara akachomoa kitu. Bahasha ya kaki ndani ya plastiki.

Juu yake kulikuwa na mwandiko wa mume wangu: "Karatasi za nyumba."

Nikapiga ukelele. Papa Ilunga akanishika mkono.

"Mama, usipike makelele! Akiona unaitamani, atapasula yote."

"Papa, ile njo nyumba yangu!"

"Njo maana unyamaze."

Akachuchumaa, akatazama pembeni kama mtu asiye na haja. Akatoa kandolo moja, akamwonyesha. Madame akafikiri, akampa kifungo cha koti. Naye akapewa kipande kidogo cha kandolo. Papa Ilunga akaonyesha nyingine. Madame akampa kipande cha bitana.

"Huyu anatucheka," mzee akanong'ona.

Kisha Madame akatia pembe ya bahasha mdomoni, akaanza kutafuna. Mimi nilikuwa nasali Salamu Maria, nimeshachanganya maneno yote.

Papa Ilunga akachagua kandolo kubwa kuliko zote, akaivunja, mvuke ukatoka. Madame akaiangalia. Akaniangalia mimi. Akasukuma bahasha kati ya vyuma.

Nikaifungua palepale. Hati ya ununuzi, muhuri wa commune, majina mawili. Hakukuwa na barua ya mapenzi, msitegemee. Ila jina langu ndilo alilolitanguliza.

Hata safari ya commune haikuhitajika. Shemeji alikuja, akasoma mara mbili. Kisha akauliza:

"Hapa kwenye pembe njo nini?"

"Meno ya sokwe."

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Nilipomweleza, akacheka mpaka machozi, halafu yale machozi yakawa ya kweli.

"Yaya hakuniambia. Unisamehe, shemeji." Yaya huku ni kaka mkubwa.

Nikapika bukari, ugali wetu, tukala pamoja. Alikaa siku mbili, akatengeneza mlango uliokuwa unapitisha upepo, akarudi kwake.

Namshukuru Mungu, namshukuru Papa Ilunga kwa uvumilivu wake, na Madame pia. Mimi nilipapasa mifuko nikaridhika. Yeye aliendelea kutafuta.

Funzo langu ni fupi: siri ya mume na mke isiwe siri kati ya mume na mke. Marehemu alificha karatasi ili kunilinda, nusura anifukuze kwenye nyumba yangu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Karatasi za nyumba yenu ziko wapi, na ukiondoka leo, nani mwingine anajua?