Springi za Kumrudisha Bibi

Karibu na stendi ya Bomang'ombe kuna gereji ya wazi ambako mafundi hupaka springi za malori oili chafu ili zisipige kelele. Napita hapo kila siku nikielekea shuleni ninakofundisha, na kila siku ile harufu ya oili iliyoungua na kutu iliyokwanguliwa hunikamata puani. Walimu wenzangu huharakisha. Mimi hupunguza hatua, kwa sababu hivyo ndivyo alivyonuka baba yangu mwaka niliotimiza miaka tisa, mwaka aliotutoka bibi. Nitawasimulia, ila mnivumilie nikizungumza sana habari za vyuma. Nimejaribu kuyaeleza haya bila vyuma na sikufika popote.

Kwetu ni juu ya Kiboriloni. Barabara ya udongo hupanda kati ya migomba na mibuni mpaka unadhani imefika mwisho, kisha inapanda tena. Masika yakianza, gari pekee lililoweza kutufikia lilikuwa la baba, Landrova ndefu ya zamani. Ilikuwa miaka ile biashara ya kahawa ilipofunguliwa, na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda mlimani na mizani zao. Kila mwenye gari alitaka kuwabebea magunia, na baba naye alitaka.

Akalipeleka gari mjini Moshi kwa fundi Jaswant, Singasinga aliyezaliwa pale pale mjini, ambaye alimwamkia bibi yangu shikamoo kwa heshima iliyotushinda sisi wajukuu. Jaswant alibadilisha boksi la usukani, maana lile la zamani lilikuwa limechoka kiasi kwamba baba alizungusha usukani kwanza, na magurudumu yakapata habari baadaye. Kisha akaongeza springi za nyuma. Kwa asiyejua, springi za gari kama lile ni mabapa ya chuma yaliyopinda kidogo, yakalazwa moja juu ya jingine na kufungwa pamoja. Ukiongeza mabapa, gari linabeba zaidi. Baba aliongeza matatu kila upande, gari likainuka nyuma kama jogoo. Jaswant akamwonya kwamba sasa hilo ni gari la mzigo, na likiwa tupu litarusha watu. Baba alicheka, akasema halitakuwa tupu.

Na kweli, msimu wote ule wa kahawa halikuwa tupu. Lakini msimu uliisha, masika yakaingia, ghala la kahawa likabaki na panya.

Bibi, mama yake baba, aliishi nasi katika kihamba kimoja, shamba la ukoo wetu. Jumapili moja asubuhi, akitoka kuwakatia ng'ombe majani, aliteleza kwenye ukingo wa mfereji na kuvunjika nyonga. Nataka mjue huyu alikuwa mtu wa namna gani. Ng'ombe aliwahi kumkanyaga mguu akimkamua. Bibi alimtukana kwa Kichagga, lugha pekee aliyoiamini kwa matusi, na akaendelea kukamua. Sikuwahi kumsikia akilia.

Majirani wakamlaza kwenye godoro nyuma ya gari, mama na mimi tukapanda, baba akaondoa gari polepole sana. Kwenye shimo la kwanza tu, gari tupu lenye springi za magunia kumi na tano liliruka, na bibi akapiga yowe. Lilikuwa yowe refu na jembamba, nami kwa muda sikuamini kwamba limetoka kwake. Baba akasimamisha gari. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili bila kugeuka nyuma. Mama akamwambia ajaribu taratibu zaidi, akajaribu, na bibi akalia tena.

Baba akashuka, akainama akaziangalia zile springi.

"Nimelitengeneza kwa ajili ya magunia," alisema.

Gari lilitaka uzito, na uzito haukuwapo. Mtu mmoja akapendekeza mawe, lakini mawe yangeweza kubingirika na kumwangukia mgonjwa. Ndipo misa ikaisha, na waumini wakaanza kushuka barabarani na nguo zao za Jumapili. Baba alisimama katikati ya njia akawaomba wapande. Hakuwaomba wote. Mtu huyu mpole, ambaye hakuwahi kumtazama jirani kwa jicho la kumpima, siku ile aliwapima hadharani, akachagua wanene. Katekista wetu, mtu mwema lakini mwembamba kupindukia, aliombwa kwa adabu aendelee na safari yake.

Aliyefuata nyuma yake alikuwa Bibi Makrina, jirani yetu wa upande wa juu, mama mkubwa kwa umbo kuliko wote pale kijijini. Yeye na bibi walikuwa hawajasalimiana kwa miaka minne kwa ajili ya zamu za maji ya mfereji. Baba alipomwona aliangalia chini, hakuthubutu kumwomba. Makrina hakungoja kuombwa. Alikabidhi rozari yake kwa mjukuu wake, akashika mlango, akapanda, na gari likashuka kidogo.

Bibi akafumbua macho. "Na wewe umekuja?"

"Nimeleta uzito wangu," Makrina alijibu. "Inua kichwa."

Akakaa sakafuni, mahali pale pale juu ya ekseli, akakiweka kichwa cha bibi mapajani mwake. Tuliteremka tukiwa watu kumi na wanne, na gari likatulia. Bibi aliguna, aliuma kanga yake, lakini hakulia tena. Tulipopita sokoni Kiboriloni niliwapungia mkono watoto niliowafahamu, kwa sababu sikuwahi kupanda gari lililojaa watu waliovaa vizuri vile. Hilo naliona aibu mpaka leo.

Hospitalini walimfunga mguu kwa kamba na vyuma vya kuuvuta, wakasema atakaa wiki nyingi. Kesho yake baba alirudi kwa Jaswant akamwambia ayatoe mabapa yote aliyoongeza. Wakala wa wanunuzi alipopata habari alikuja nyumbani kumweleza kwamba msimu ujao hawezi kulichukua gari lisilobeba. Baba akamkaribisha chai na kumwambia atafute gari lingine. 

Jaswant alikwangua kutu kati ya mabapa yaliyobaki, akayapaka grisi, akabadilisha bushi za mpira zilizokwisha na kufunga shokapu mpya. Kisha baba akataka kujua kama imetosha. Alinilaza mimi kwenye godoro la bibi, akaendesha kutoka Kiboriloni hadi nyumbani, na kila baada ya shimo aliniuliza kama nimeumia. Nilikuwa nimelala kama malkia. Nilimjibu kwamba siumii popote, na nilisema kweli.

Makrina alikuwa amesimama getini tulipofika. Akamwambia baba kwamba mtoto hana kiuno cha kumweleza chochote, mtu wa kupima barabara ni mwenye kiuno kibovu, na yeye anacho. Siku iliyofuata akajilaza yeye. Sauti yake ilitoka nyuma njia nzima, bila huruma. Kwenye daraja la mfereji gari linayumba. Penye kona ya shule linagonga. Baba aliyakariri yote akayapeleka mjini, Jaswant akalegeza hiki na kukaza kile, na usukani akaurekebisha tena ili gari lisivutwe na mitaro. Walifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu tulifika nyumbani tukafungua mlango wa nyuma, tukamkuta Makrina amelala usingizi, anakoroma. Baba aliketi kwenye nyasi akacheka mpaka akafuta machozi. Mama alitoka na bakuli la mtori, akamwamsha Makrina ale.

Bibi alifariki siku nne baadaye. Kichomi, walisema. Wazee waliovunjika nyonga na kulala muda mrefu hupatwa nacho.

Tulikwenda kumchukua ili azikwe kwenye kihamba, kama ilivyo desturi yetu. Kulikuwa na gari la kukodi, lakini baba alisema mama yake atapanda gari lake. Jeneza liliwekwa nyuma juu ya lile godoro, Makrina akakaa kando yake sakafuni, mimi nikakaa mbele na baba. Sijawahi kuona gari likiendeshwa vile. Alilikwepa kila jiwe. Penye daraja la mfereji alisimama kabisa kabla ya kuvuka. Waombolezaji waliokuwa wakitufuata kwa miguu walitupita, na baba mdogo akaja dirishani kumkumbusha kwamba padri anasubiri. Baba aliendelea kwa mwendo ule ule. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya usukani, na jasho lilikuwa linamtiririka.

Nyumbani, kabla hajawaruhusu wanaume waguse jeneza, alizunguka nyuma ya gari.

"Amerushwa mahali popote?" alimwuliza Makrina.

"Hapana, mwanangu. Hajarushwa."

Baba akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa mwanafunzi hodari wa mafundisho ya komunyo, nikafungua kinywa ili nimweleze kwamba maiti hasikii maumivu. Makrina akanitazama, nikakifunga.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile baba alichanganyikiwa kwa msiba, na Makrina akamdanganya kwa huruma. Sikufikiria habari za mikono ya baba. Yowe la bibi lilimkuta baba ameshika usukani wa gari alilolitengeneza mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumwondolea hilo. Alihitaji kumbeba mama yake mara moja zaidi bila kumwumiza, na mara hiyo ilikuwa imebaki hiyo tu. Makrina alilijua hilo. Hakumdanganya. Alimjibu alichoulizwa.

Baba alifariki mwaka juzi. Siku hizi lami inafika hadi kanisani, tena nzuri. Tulimpandisha kwa gari la kukodi, mimi nikiwa nyuma na mkono juu ya jeneza. Kabla hatujaumaliza mlima wa kwanza nilimgongea dereva kioo, nikamwomba apunguze mwendo.

"Mama, hii ni lami," alisema kijana wa watu. "Haina shimo hata moja."

"Najua," nikamwambia. "Punguza."