Nilivyolia Ndani ya Maktaba ya Boito

Asubuhi hiyo nilitoka Kipkelion bila mpango, na jioni mvua ikanikuta Boito, sina pa kulala. Nikajibanza kwenye maktaba ya watoto. Madam Chelangat, mkutubi, aliona ninavyokodolea macho tableti zao.

"Jaribu tu, kaka. Hata wakubwa wanaruhusiwa."

Nikavaa hedifoni. Hadithi ilihusu mtoto aliyepoteza ng'ombe. Sauti ikaniambia, "Msaidie! Lia kama ng'ombe!"

Mimi niliacha shule mapema nikachunga ng'ombe, kwa hiyo kazi hiyo naijua. Nikafumba macho, nikalia. "Zaidi!" Nikalia kwa nguvu zote. Kwa vile masikio yangu yalikuwa yamezibwa, nilidhani hakuna anayenisikia.

Nilipofumbua macho, watoto walikuwa wakigaagaa kwa kicheko. Mlangoni alisimama nyanya mmoja, kogo kama wanavyoita huku, amelowa chepechepe, kamba mkononi.

"Ng'ombe yangu iko wapi? Nimeitafuta tangu asubuhi, na sasa nimeisikia humu."

Watoto wote wakaninyooshea vidole.

"Kogo, huyu ni mgeni," Madam akasema, akijifuta machozi. "Anatafuta pa kulala."

Nyanya akanipima kwa macho. "Atalala kwangu. Lakini kwanza twende kwa mashamba ya majani chai ilikopotelea, alie hivyo hivyo. Labda yangu itaitika."