Wembe Usioshika Kutu, Mtaa wa Dengfeng

Siku yangu ya kwanza kazini Guangzhou sikunyoa mtu. Fundi Mkuu, mzee wa Kisauni aliyekuwa na saluni pale Dengfeng kabla mimi sijaijua China kwenye ramani, alizikagua nyembe zangu moja moja kama askari wa forodha, kisha akanipa kitambaa na chupa ya mafuta ya nazi.

"Hapa unyevu hula chuma," akaniambia. "Pangusa, paka mafuta, kila jioni. Kunyoa utanyoa ukishajua kutunza."

Nyinyi vijana wa mashine za umeme hamkuujua wembe wa kukunja, ule ambao makali yake hulala ndani ya mpini. Wetu ulikuwa wa chuma cha kawaida: wanoleka upesi na wakata kwa upole, lakini maji ni adui yake. Na mwezi wa tatu Guangzhou kuta zenyewe hutoka jasho.

Ulikuwako wembe mwingine, wa chuma cha pua, kisichoshika kutu. Fundi Mkuu aliuchukia, na hakuwa wa kwanza. Chuma hicho kilipoanza kutumika huko Ulaya, visu vyake vya mwanzo vilichekwa kuwa haviwezi kukata, na vinyozi wakaogopa nyembe zake. Watengenezaji walikuwa bado wanajifunza namna ya kukipasha moto na kukipoza. Vinyozi nao walikinoa kwa mazoea ya chuma cha zamani. Kila upande ukamlaumu mwenzake.

Hata China ilikuwa hivyo. Nilisikia kwa Laoban, ndivyo wanavyomwita tajiri huko, mama wa Kichina aliyetupangisha chumba na kuuza vifaa vya vinyozi chini yetu. Babu yake alikuwa kinyozi wa barabarani.

"Babu yangu hapana taka hii," aliniambia kwa Kiswahili chake cha dukani, ameshika wembe wa chuma cha pua. "Yeye noa kidogo, tupa. Babu haraka sana."

Nikaununua kwa siri.

Mwaka wa pili, wanafunzi wawili wa Tanga, mume na mke, walijaliwa binti. Walitaka anyolewe siku ya saba, siku ya akika yake. Mashine hawakuitaka, bibi wa mtoto alishaagiza kwa simu kwamba ni wembe. Fundi Mkuu akanikabidhi kazi hiyo, ya kwanza ya maana. Siku ya sita asubuhi nikafungua mkoba. Mvua ya siku tano ilikuwa imeyashinda mafuta yangu, na ya Fundi Mkuu pia. Nyembe zote zilikuwa na kutu hadi kwenye makali, na makali yaliyoliwa na kutu hubaki na meno.

"Ninao wa chuma cha pua," nikakiri.

Fundi Mkuu akaufunga mkoba. "Tone moja la damu kwenye kichwa cha mtoto wa watu, wewe utafunga virago urudi Mombasa. Na mimi sitakuwa na uso wa kupita mtaa huu."

Nikaunoa tulivyozoea: jiwe moja, mara ishirini, kisha ukanda wa ngozi. Ukakata nywele za mkono, nikafurahi. Nikajijaribu shavuni, na mpito wa tatu uliniuma hadi machozi. Nilichodhani ni makali kilikuwa uzi wa chuma uliobaki ukingoni. Chuma cha pua huung'ang'ania. Nikashuka kwa Laoban nimeshika shavu. Alinicheka, tena sana, kisha akapanga mawe matatu: la kukwaruza, la kati, na moja laini kama sabuni.

"Man man," akasema. Polepole. Tukanoa hadi adhuhuri, kwa mkono mwepesi, mpaka uzi ukatoka wote.

Siku ya saba niliuchemsha wembe ule, jambo ambalo nisingethubutu kwa wembe wa zamani. Mama alimpakata binti yake; Fundi Mkuu alisimama nyuma yangu, nikisikia pumzi zake. Nikaanza juu ya sikio. Mtoto akapiga miayo, akalala. Nywele zikaanguka kwenye kitambaa cheupe, wala hapakuwa na doa. Mama akalia kwa furaha, na mimi, niseme kweli, nililia pia. Fundi Mkuu akaenda kula pilau yake.

Sasa nimestaafu, mgongo umekataa. Nimenyoa maharusi, wafanyabiashara wa Nairobi, wanazuoni wenye ndevu ngumu kuliko vitabu vyao. Vijana wakiniuliza ni lini nilijua nimekuwa fundi, huwasimulia asubuhi iliyofuata akika ile. Fundi Mkuu alikuwa hajawahi kumwachia mtu ndevu zake. Hiyo methali ya mwerevu hajinyoi aliwaachia wengine. Nilipofungua mlango nilimkuta kwenye kiti cha wateja, taulo shingoni.

"Leta huo wako," akasema, akafumba macho, akainua kidevu.