Shanga Zilizotolewa Mguuni Mwangu

Wasee, mimi niliwahi kutolewa shanga mguuni. Shanga nyeupe, zimetungwa kwenye waya, zinatoka moja baada ya nyingine huku watu wakipiga nduru.

Usicheke kwanza.

Mwaka wa tisini na nne nilikuwa nasukuma mkokoteni Kawangware. Siku hiyo mzigo wa mbao ukanilalia. Mfupa ulitoboa ngozi, ukatoka nje, ukagusa matope.

Hospitalini, daktari mmoja kijana, Dalmas, alikisafisha kidonda akaniwekea zile shanga ndani.

"Makau, hizi zina dawa ndani," aliniambia. "Inatoka polepole hapo kwa mfupa, ndio usioze. Usiguse. Nitazitoa mwenyewe."

Aliniambia mimi peke yangu. Shika hapo.

Kisha madaktari wakagoma. Wagonjwa tukaambiwa twende nyumbani, nikabebwa hadi Sarang'ombe kwa shangazi yangu Mukai.

Shangazi alipofungua bendeji aoshe kidonda, akaona shanga moja inachungulia. Karai likamponyoka.

"Mwanangu ametupiwa kitu!"

Kwetu Ukambani wengi waliamini hivyo: adui anakutupia kitu kinaingia mwilini, na mganga ndiye wa kukitoa. Akaitwa mganga, Muia, na majirani wakajaa ndani.

"Auntie, hiyo ni dawa! Daktari ndiye aliniwekea!"

"Mnasikia?" Muia akasema. "Huyo si yeye anaongea."

Nilivyozidi kupiga kelele ndivyo majirani walivyozidi kunikalia. Shangazi alinishika kichwa akilia, na alikuwa ananipenda kweli. Hata kumchukia nilishindwa.

Muia akavuta. Waya ukakwama, akaupinda, akavuta tena.

Maumivu yakaninyamazisha. Wakasema nimepona. Muia akaondoka na shanga, eti akazichome.

Haukupita muda usaha ukaanza. Mgomo ulipoisha, Dalmas alifungua bendeji, akaniangalia.

"Shanga ziko wapi?"

Nikamweleza, lakini mfupa ulikuwa umeshaoza. Mguu ulikatwa juu ya goti.

Miaka ikapita. Siku moja, Kawangware, nikakuta watu wamemzunguka mama mmoja amelala chini. Muia amepiga magoti, anamvuta kitu tumboni.

Shanga nyeupe. Waya umepinda palepale alipoupinda kwangu.

Kumbe hakuzichoma! Jamaa alikuwa anazitumia kazini, anajifanya anazitoa kwa wagonjwa.

Damu ikanichemka. Sikufikiria, nikapaza sauti: "Hizo shanga ni zangu!"

Watu wote wakageuka.

Muia hakuwa na haraka. Akaninyooshea kidole. "Mmesikia? Amekubali mwenyewe."

"Kumbe ni huyu aliyemtupia!" mtu akasema, akaokota jiwe.

Sijui kama umewahi kukimbia kwa magongo. Mimi nilikimbia, na huyo mama nikamwacha hapo chini, mikononi mwa Muia.

Kwa hivyo, ndugu yangu, ukitoka hospitali na kitu mwilini, usiridhike kwamba wewe umeelezwa. Mwite daktari amweleze yule atakayekubeba nyumbani. Mimi nilijua kila kitu, na sikusaidika.