Jinsi Nilivyojifunza Kukaa Msibani

Wanangu wawili walikufa kwa surua katika juma moja. Jumanne alitangulia binti, Ijumaa akamfuata mdogo wake ambaye alikuwa bado ananyonya. Tulikuwa tukiishi kambi ya wachimbaji upande wa Geita, mwaka wa pili tangu mume wangu atutoe kwetu Ushirombo kuja kwenye kazi ya dhahabu. Surua ilipita nyumba nyingi mwaka ule. Kwangu haikuacha kitu.

Tuliwazika ng'ambo ya korongo. Siku ya tatu mume wangu alirudi shimoni, maana kazi haikumsubiri mtu, nami nikabaki na maziwa kifuani yasiyo na wa kuyanyonya. Katekista alikuja, mtu mwema, akaniambia Mungu amewachukua kwa kuwa anawapenda. Moyoni nilisema, mbona mimi nami niliwapenda, na sikumnyang'anya mtu chochote. Tangu siku hiyo nilitundika rozari msumarini, nikaacha kwenda kusali.

Jirani yangu alikuwa mwanamke wa Tabora, Mwislamu, amenizidi miaka kama kumi, hajajaliwa mtoto. Alikuja kila asubuhi, akafagia uwanja wangu, akanijazia mtungi, akaketi nami kidogo mlangoni, kisha akaenda zake. Hakurudia kunipa pole baada ya ile ya kwanza. Siku moja nilimwambia kwa ukali aache, kwamba sikumwomba. Akasema, "Najua, mdogo wangu," akaendelea kufagia.

Ilipita kama miezi minane. Mchana mmoja mawe yaliporomoka shimoni, yakafukia wanaume watatu. Mume wangu alitoka salama. Mume wa jirani yangu alitolewa jioni, amekwisha kufa.

Wanawake wa kambi nzima walijaa kwake. Mimi sikwenda. Nilisikia vilio kupitia ukuta wa fito na udongo, nikabaki ndani, kwa sababu nilijua nikiingia mle nitawalilia wanangu, si mume wa mtu. Hata maziko yalinipita. Mume wangu aliporudi kutoka makaburini hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba yule mama ameketi kama jiwe, hali wala hasemi. Nikajifunga kaniki, nikaenda.

Nilimkuta kwenye mkeka, mgongo ukutani. Kila aliyeingia alikuwa na neno lake: kazi ya Mungu haina makosa, shukuru wewe bado una nguvu, marehemu amepumzika. Maneno hayo yote niliyajua yanavyouma. Nikakaa kando yake. Baadaye nikachota maji, nikamwosha miguu, maana ilikuwa bado na udongo mwekundu wa njia ya shimoni, alikokimbilia peku siku ile. Wenzangu walipotoka kwenda kupika, akaniuliza bila kunitazama:

"Mdogo wangu, wewe umepita huku. Inaisha?"

Nilitamani kumwambia ndiyo. Lakini mtu aliyenifagilia uwanja miezi minane nisingeweza kumdanganya.

"Haiishi, dada," nikasema. "Lakini utaamka kesho, na keshokutwa, na ipo siku utaamka usiiogope asubuhi. Mimi nimeiona."

Sikuwa nimelijua jambo hilo mpaka nilipojisikia nikilisema. Na lilikuwa kweli. Siku chache kabla ya hapo nilijikuta naimba kwa sauti ya chini nikitwanga uwele, nikanyamaza kwa aibu, kana kwamba nimewaibia watoto wangu. Nilimsimulia hilo nalo. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu mumewe atolewe, nami nikalia pamoja naye.

Nyumba yake ilitakiwa kwa mchimbaji mwingine, kwa hiyo eda yake aliikalia chumbani kwangu. Mume wangu alihamia kwa makapera hadi miezi minne na siku kumi ilipotimia. Yeye aliswali upande wake wa chumba. Siku moja, sikumbuki ilikuwa ya ngapi, nami niliteremsha rozari. Sikuwa nimepata jibu la swali langu kwa Mungu. Nilichoka tu kutosema naye.

Eda ilipokwisha kaka yake alimfuata kwa lori, wakaenda Tabora. Hakuna kati yetu aliyejua kuandika, na sikupata habari zake tena.

Baada yake nikawa naitwa kila penye msiba. "Mwiteni yule mama aliyezika wawili," walisema. Nilikwenda kwa Wakristo na kwa Waislamu, nikaosha vyombo, nikakaa. Si wote waliofarijika. Mwanamke mmoja kijana, Msukuma, aliyepoteza uzazi wake wa kwanza, alinifukuza akisema nimemletea mkosi. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeumia, na kesho yake nikarudi, nikamenya mihogo nje bila kuingia. Hakunisamehe kamwe. Ila alikula ile mihogo.

Mimi sikuzaa tena. Mume wangu alianza kukohoa, vumbi la shimoni likamla kifua, tukarudi Ushirombo, na huko alifariki kabla mvua za kwanza hazijanyesha. Siku ya pili ya msiba waliniona nakula, baadhi ya ndugu zake wakanong'ona kwamba sikumpenda. Nilimpenda. Nimemlilia kwa miaka, tena nikiwa peke yangu. Lakini mama yake alikuwa ameketi mbele yangu, mzee sana, na alikuwa amekataa kula mpaka mimi nile.